Uzi wa Plastiki wa Nyumbani: Kausha Kabla ya Moto

Chupa tupu ya maji inaweza kukatwa utepe mwembamba, ukavutwa kupitia tundu lenye moto na kutoka ukiwa uzi wa milimita 1.75. Huo ndio uzi unaotumiwa na printa za 3D kutengeneza vipuri, vishikio na vifaa vya kufundishia. Kwa wakazi wa Pwani wanaoanza kazi hii nyumbani au kwenye karakana ndogo, adui mkubwa ni unyevu.

Hasara yake si ndogo. Chupa ya lita moja na nusu ina plastiki ya takriban gramu 30, na shingo na kitako havitumiki. Kilo moja ya uzi basi inahitaji zaidi ya chupa 30 za kuokotwa, kuoshwa na kukatwa. Uzi huo ukiharibika, jasho lote limepotea. Na kipuri kikivunjika mikononi mwa mteja, jina la fundi huharibika pia.

Kwa nini unyevu huharibu?

Chupa nyingi za maji na soda hutengenezwa kwa plastiki iitwayo PET, yenye namba 1 ndani ya alama ya pembetatu chini ya chupa. Plastiki hii hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Pwani mara nyingi huwa na unyevu unaopita asilimia 70. Maji hayo huingia ndani ya plastiki yenyewe. Ukiigusa utaiona kavu, kumbe sivyo.

PET imeundwa kwa minyororo mirefu ya molekyuli, na urefu huo ndio nguvu yake. Plastiki yenye maji ikipata moto mkali, maji hukata minyororo hiyo vipande vifupi. Gramu moja tu ya maji katika kilo nzima inatosha kuleta madhara. Viwanda hukausha PET hadi unyevu uwe chini ya asilimia 0.02, yaani gramu 0.2 kwa kilo, kabla ya kuiyeyusha.

Hapa ndipo wengi hukosea. Uzi uliotengenezwa vizuri kisha ukanyonya unyevu ukiwa rafuni, unaweza kukaushwa ukatumika. Lakini plastiki iliyopitishwa motoni ikiwa na maji, minyororo yake imeshakatika, na kuikausha baadaye hakuirudishi nguvu. Ndiyo maana ukaushaji hufanywa mara mbili: kabla ya kuvuta uzi, na kabla ya kuchapisha.

Hatua za kufuata

1. Osha chupa, ondoa lebo na gundi, kisha ifute maji yote. Kuianika juani huondoa maji ya juu tu. Hewa yetu haina ukavu wa kutosha kuvuta yaliyo ndani.

2. Kata utepe, kisha ukaushe kwa nyuzijoto 60 hadi 65 kwa saa nne hadi sita. Tumia kikaushio cha umeme cha matunda au oveni ndogo ambayo haipikiwi chakula. Usipandishe moto zaidi, kwani PET huanza kulainika karibu na nyuzijoto 70, na utepe utajikunja na kushikana. Jiko la makaa halifai kwa sababu joto lake halidhibitiki.

3. Pima uzito kwa mizani ya kidijitali kabla ya kukausha, kisha kila baada ya saa moja. Uzito ukiacha kupungua, kikaushio chako kimefika mwisho wa uwezo wake.

4. Vuta uzi mara tu utepe unapotoka kwenye kikaushio. Usiuache wazi usiku kucha.

5. Hifadhi uzi kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vipakiti vya silika jeli kama vile vinavyowekwa ndani ya maboksi ya viatu. Silika ya rangi ya machungwa hugeuka kijani ikishashiba maji. Ikaushe tena kabla ya kuirudisha. Ukiweka kipima unyevu ndani ya ndoo, lenga asilimia 20 au chini.

6. Kausha tena kabla ya kuchapisha, hasa wakati wa mvua za masika.

Dalili za uzi wenye maji

Sikiliza printa yako. Ikitoa milio midogo kama mafuta yanayokaanga, maji yanageuka mvuke kwenye mdomo wa printa. Dalili nyingine ni mapovu, nyuzinyuzi zinazoning'inia kama utando wa buibui, uso uliokwaruza, na kifaa kinachovunjika kwa urahisi. Simamisha kazi, toa uzi, ukaushe.

Usalama

Fanya kazi mahali penye hewa ya kutosha. Usichanganye plastiki, na usiyeyushe kamwe PVC, yenye namba 3, kama vile mabomba ya maji, kwa kuwa hutoa gesi ya asidi yenye sumu.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, uondoaji wa taka na vyuo vya ufundi vya vijijini ni majukumu ya kaunti. Lakini chupa inayookolewa isiishie mtaroni huanzia mikononi mwa mkazi. Ukishaiokota, usikubali unyevu ukurudishe ulikoanzia. Kausha kwanza, ndipo uwashe moto.