Kurahisisha Sehemu za Aljebra

Huko Bambu, jimboni Ituri, penye migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto iliyoanza kuchimbwa mwanzoni mwa karne ya 20, utajiri wa mwamba hukadiriwa kwa sehemu, yaani gramu za dhahabu juu ya tani za mawe. Na tani zikizidi maradufu na dhahabu ikazidi vivyo hivyo, utajiri huo wa mwamba haubadiliki hata chembe. Kanuni ni hiyo hiyo katika ilimu ya al-jabr, aliyoitungia kitabu al-Khwarizmi wa Baghdad katika karne ya 9.

Tutazame (x² − 9)/(x² + 3x). Mwanafunzi mwenye pupa hufuta x² juu na chini, akabakiwa na −9/(3x). Lakini x ikiwa 6, sehemu ya awali ni 27/54, yaani nusu, ilhali yake ni nusu hasi! Hufutwa kinachozidisha, wala si kinachojumlishwa. Kwa hiyo hatuna budi kwanza kuvipambanua vigawo, (x − 3)(x + 3) juu na x(x + 3) chini, ndipo (x + 3) iondoke pande zote mbili na kubaki (x − 3)/x, ambayo kwa 6 ni nusu barabara.

Lipo sharti ambalo, kwa rai yangu, hupuuzwa mno: x isiwe 0 wala −3, kwani kugawanya kwa sifuri hakuna maana, na katazo la −3 ladumu ingawa athari yake imetoweka katika jibu. Basi, msomaji, liandike sharti hilo kando ya jibu lako daima.