Huyu Si Mhadhiri, ni Mwenzetu wa Mwaka wa Kwanza

Kila mwaka wa masomo ukianza, kuna watu wanaingia darasani tunawaamkia kwa heshima zote tukidhani ni wahadhiri. Wanaitikia "marahaba", wanavuta kiti, wanatoa daftari. Kumbe ni wanafunzi kama sisi, ila wana miaka 38 au 45, na nyumbani wana mtoto wa kidato cha nne.

Ukikaa nao utasikia kwamba wengi hawakuchelewa kwa kupenda. Mzazi aliyekuwa analipa ada alifariki. Mimba iliingia. Ugonjwa, ndoa kuvunjika, kupunguzwa kazini. Makala haya yanaeleza wanarudije, nini kinawakwamisha, na kwa nini sisi wa miaka 20 na kitu tunapaswa kuyajua haya mapema.

Kwanza, mtu mzima chuoni si jambo geni kwetu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka anayemaliza kidato cha sita apite jeshi la kujenga taifa, kisha afanye kazi angalau miaka 2, ndipo aombe chuo kikuu. Kwa hiyo kuna kipindi Mlimani palijaa watu waliokwishaonja mshahara na majukumu. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye, nasi tukazoea kuona chuo ni mahali pa vijana tu.

Sasa tuje kwenye milango ya kurudi. Aliyeishia njiani sekondari anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, kisha akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wengi hujiandaa kupitia vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Na tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi hata kwenye shule za mfumo rasmi.

Aliyemaliza shule ila alama hazikutosha anaweza kupitia stashahada na kuomba kwa sifa linganishi. Aliyejifunza mengi kazini ana njia ya utambuzi wa maarifa aliyoyapata nje ya darasa, inayosimamiwa na TCU. Halafu kuna Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, chenye vituo mikoani na kozi ya awali kwa ambao hawajafikisha sifa. Mtu anasoma huku anaendelea na kazi yake.

Mlango wa mwisho unatuhusu sisi moja kwa moja: aliyekuwa chuoni tayari, shida ikamkuta. Hapa kuna tofauti kubwa kati ya kuahirisha masomo na kupotea. Anayeahirisha anaandika barua kupitia idara yake, anaambatisha ushahidi kama cheti cha daktari, anasubiri kibali cha maandishi. Akirudi, matokeo yake ya nyuma yapo na nafasi yake ipo. Anayefunga begi kimyakimya anahesabiwa ameacha chuo, na mara nyingi akirudi anaambiwa aombe udahili upya. Shida ni ile ile, lakini karatasi moja inaweza kuokoa miaka 2 ya jasho. Mwenzako akifiwa au akiugua, kabla hajapanda basi msaidie kuandika hiyo barua, na mkumbushe kupita dawati la mikopo ili jina lake lisije kuleta utata siku akirudi.

Tukigusa mikopo, hapo ndipo pagumu. Miongozo ya Bodi ya Mikopo kwa shahada ya kwanza imekuwa ikiweka ukomo wa umri wa miaka 35. Maana yake yule mama wa miaka 41 hasubiri bumu. Ada yake inatoka kwenye kibanda, kikoba au mshahara wa ualimu wa msingi. Akisapu somo, anayeumia ni familia nzima.

Je, wanasoma tofauti na sisi? Kwenye kozi za ualimu tunamsoma Malcolm Knowles, Mmarekani aliyeeneza neno andragojia. Hoja yake ni kwamba mtu mzima huja na uzoefu, hutaka kujua kwa nini anajifunza kitu, na hushika haraka kile kinachogusa maisha yake. Hilo nimeliona. Sisi tulikuwa tunakariri hatua za Piaget kwenye desa. Mama mmoja darasani kwetu, aliyelea wanne, akauliza hatua hizo zinamwelezaje mtoto wake wa miaka 6 aliyekuwa anarudisha chenji dukani bila kukosea. Pindi likanoga, na swali lile ndilo lililotufanya tuelewe.

Lakini uzoefu hauwapi muda. Majadiliano ya grupu tukiyaweka saa 3 usiku hosteli, anayekaa Mbagala tumeshamfungia nje. CR akihamisha pindi kwa ujumbe wa WhatsApp asubuhi ile ile, aliyeomba ruhusa kazini kwa siku nyingine amekwama. Kisha tunasema "mama huyu hachangii", jina lake linatolewa kwenye kazi ya kikundi.

Tiba yake haihitaji bajeti. Serikali ya wanafunzi inaweza kuwaomba maCR watangaze mabadiliko siku 2 kabla. Kikundi kinaweza kukutana mchana, kati ya pindi na pindi. Na ofisi ya mshauri wa wanafunzi ibandike ukutani utaratibu wa kuahirisha masomo, kwa Kiswahili cha kueleweka, maana aliyefiwa jana hana nguvu ya kusoma kanuni za kurasa 60.

Tusidhani tunawafanyia hisani. Hakuna kati yetu aliyesaini mkataba na maisha kwamba miaka 3 itapita bila msiba wala maradhi. Njia tunayowasafishia leo, kesho huenda tukaipita wenyewe. Kawia ufike.