Uchochoro wa zege: Nani alipe kiasi gani?

Masika yanapoanza mwezi Machi, bei ya ndizi kwa mkulima wa Uru, Kibosho au Old Moshi haipangwi na soko peke yake. Hupangwa pia na uchochoro unaotoka nyumbani kwake hadi barabara kubwa. Udongo wa mlimani ukilowa huteleza, bodaboda hupandisha nauli au hukataa kabisa kupanda, na mchuuzi ambaye gari lake halifiki shambani hukata bei ya kila mkungu. Mjini Moshi nako, mwenye duka lililo ndani ya mtaa hupoteza wateja kwa sababu ya tope hilo hilo.

Tangu mwaka 2017 barabara za aina hii ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Hata hivyo, uchochoro wenye nyumba 10 au 15 hauwezi kushindana na barabara inayohudumia kata nzima. Wakazi wanaotaka zege mapema hulazimika kuchanga. Hapo ndipo ugomvi huanzia, na mara nyingi chanzo chake si umaskini bali ni hesabu.

Mfongo una mlango, njia haina

Wachagga si wageni wa kazi za pamoja. Mifongo inayoleta maji kwenye vihamba imetunzwa kwa vizazi vingi kwa msaragambo. Asiyefika kazini hutozwa faini, na mkaidi anaweza kukosa zamu yake ya maji. Njia haina zamu. Ikishamwagwa zege, aliyechanga na asiyechanga hupita sawa, na huwezi kumzuia jirani kwenda nyumbani kwake. Kwa hiyo makubaliano ya njia lazima yakamilike kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kununuliwa.

Elinor Ostrom, mtaalamu wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii nyingi duniani zinazotunza maji, misitu na malisho kwa pamoja. Alibaini kuwa zinazodumu hutunga sheria zao zenyewe, hulinganisha mchango na faida, na huanza na adhabu ndogo kabla ya kubwa. Wazee wa mifongo wasingeshangaa.

Hesabu tatu

Tuchukue mfano wa uchochoro wa mita 120 wenye nyumba 12, uliogawanywa katika vipande vinne vya mita 30, kila kimoja kikiwa na nyumba tatu. Tuseme kila kipande kinagharimu Sh1,800,000, jumla Sh7,200,000. Bei hizi ni za mfano tu. Bei halisi atazitoa fundi wenu.

Hesabu ya kwanza ni kugawa sawa: kila nyumba Sh600,000. Ni rahisi, lakini aliye mwanzoni atauliza kwa nini alipie mita 120 wakati yeye hukanyaga 30.

Hesabu ya pili ni kulipia kipande unachopita. Kipande cha kwanza hutumiwa na nyumba zote 12, cha pili na tisa, cha tatu na sita, cha mwisho na tatu. Nyumba za mwanzo zitalipa Sh150,000 kila moja, zinazofuata Sh350,000, kisha Sh650,000, na za mwisho Sh1,250,000. Ni haki kwenye karatasi, lakini wa mwisho anaweza kushindwa, na akishindwa yeye mradi wote huyumba.

Hesabu ya tatu ni kuchanganya: nusu ya gharama igawanywe sawa, nusu kwa umbali. Hapo viwango vinakuwa Sh375,000, Sh475,000, Sh625,000 na Sh925,000. Wa chini wana sababu ya kukubali kulipa zaidi ya kipande chao, kwani maji na tope la wa juu huishia kwao. Mtaro mzuri juu ni kinga ya ua wa chini.

Je, inalipa? Kama tope huongeza Sh1,000 kwa kila safari ya bodaboda, na familia husafiri mara nne kwa wiki katika wiki 20 za mvua za masika na vuli, hiyo ni Sh80,000 kwa mwaka. Mwenye kulipa Sh475,000 atarudisha fedha yake kwa karibu miaka sita, kabla hajahesabu ndizi, maziwa wala mgonjwa wa kuwahishwa hospitali.

Punguzeni gharama

Si lazima kufunika njia yote. Mistari miwili ya zege ya kukanyaga matairi, kila mmoja ukiwa na upana wa sentimita 75 na unene wa sentimita 15, kwa mita 120 huhitaji takriban mifuko 170 ya saruji kwa mchanganyiko wa moja, mbili na nne. Njia nzima ya upana wa mita tatu huhitaji mara mbili ya hapo.

Mjane au kijana asiye na fedha achangie kwa kubeba mchanga na maji, na siku zake zithaminiwe kwa ujira wa kibarua. Mpangaji achangie matengenezo. Ujenzi ni wa mwenye nyumba. Hananasif, jijini Dar es Salaam, wakazi walishiriki kujenga mitaro na barabara za mtaa wao katika miaka ya 1990, wengine wakiwa vibarua wa kulipwa. Kamati yao ilisimamia kazi hiyo kwa msaada wa wafadhili.

Kalenda ya mlima nayo husaidia. Desemba walio Dar es Salaam na kwingineko hurudi nyumbani: fanyeni kikao na kukusanya michango. Januari na Februari ni kiangazi: jengeni. Zege limwagiliwe maji kwa siku saba na magari yasubiri.

Kabla ya hapo, pateni kibali cha serikali ya mtaa au kijiji na TARURA. Ulizeni mamlaka ya maji mabomba yanapita wapi, maana kuvunja zege jipya ni hasara mara mbili. Anayesogeza masale yake ili njia ipanuke aandikiwe. Teueni mtunza fedha na mkaguzi tofauti, na risiti zisomwe mbele ya wote. Mali bila daftari huisha bila habari.

Mwisho, tengeni fungu dogo kila mwaka la kuzibua mtaro na kuziba nyufa. Maji yakipenya chini ya zege, masika machache yanatosha kuwarudisha kwenye tope, safari hii mkiwa mmeshalipa.