Uaminifu wa Mtangazaji wa Ngumi: Mfano wa Harry Carpenter

Msikilizaji aliye Mwamanyili, wilayani Busega mkoani Simiyu, anapofuatilia pambano la ngumi redioni, hauoni ulingo. Konde lisilotajwa na mtangazaji, kwake halikupigwa. Hivyo basi, utangazaji wa ngumi hutegemea uaminifu kabla ya ufasaha. Makala haya yanafafanua hoja hiyo kupitia maisha ya kikazi ya Harry Carpenter (1925–2010) wa Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC).

Carpenter alitokea katika uandishi wa magazeti. Alianza kutangaza ngumi BBC mwaka 1949, akaandikia gazeti la Daily Mail habari za mchezo huo kuanzia 1954, kisha mwaka 1962 akawa mwandishi wa ngumi wa BBC. Alistaafu mwaka 1994. Matukio mawili yanaonesha mtihani wa kazi yake.

La kwanza ni la Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Bingwa wa uzito wa juu, George Foreman, alikuwa amewamaliza Joe Frazier na Ken Norton, kila mmoja katika raundi ya pili. Carpenter, sawa na wachambuzi wengi, hakumpa Muhammad Ali nafasi. Ali aliegemea kamba, akamwacha Foreman ajichoshe kwa kurusha makonde, kisha akamwangusha katika raundi ya nane. Carpenter alilitangaza anguko hilo papo hapo, kwa mshangao usiofichika, ingawa lilibatilisha utabiri wake mwenyewe.

La pili ni la Las Vegas, tarehe 25 Februari 1989. Mwingereza Frank Bruno, aliyezoeana na Carpenter katika mahojiano mengi, alimtikisa Mike Tyson katika raundi ya kwanza. Carpenter alijisahau, akamhimiza Bruno kwa jina hewani. Tyson alishinda katika raundi ya tano.

Matangazo hayo yalikuwa ya televisheni; mtazamaji aliweza kuupima ushabiki wa mtangazaji kwa macho yake. Msikilizaji wa redio hana kipimo hicho. Hassan Mwakinyo alipomshinda Sam Eggington katika raundi ya pili mjini Birmingham, Septemba 2018, Mtanzania yeyote alikuwa na sababu ya kushangilia. Hata hivyo, mtangazaji wa redio anawajibika kusema kwanza nani kapiga, kapiga wapi, na aliyepigwa yu hali gani. Shangwe hufuata baadaye.