Sura ya 6: Kamba Kwanza, Smashi Baadaye

Kiwanja cha soka cha mechi za kimataifa hakipungui mita 100 kwa 64. Tambarare ya ukubwa huo ni adimu Kibosho, Uru au Marangu, ambako vihamba vya migomba na kahawa vimebanana na ardhi yenyewe ni mteremko wa Mlima Kilimanjaro. Mpira wa wavu unadai mita 18 kwa 9 tu. Penye kiwanja kimoja cha soka pana eneo la viwanja 39 vya wavu. Kwa shule za mlimani, basi, michezo ya wavu ingepaswa kuwa ya kila mtoto. Kinachoikwamisha, kwa maoni yangu, ni ufundishaji kuliko uhaba wa vifaa.

Somo la kawaida tunalijua. Wanafunzi hamsini, mpira mmoja, mstari mrefu. Kila mmoja anapiga pasi mbili za mikono ya chini, anarudi mkiani. Dakika kumi za mwisho wanaruhusiwa kucheza: mpira wa kuanzisha unagonga wavu, wa pili unatoka nje, wa tatu unaanguka katikati ya watu wanne wanaotazamana. Mikono imefundishwa. Asimame wapi, aupeleke wapi na kwa nini, hakuna aliyeambiwa.

Mwaka 1982 David Bunker na Rod Thorpe, wahadhiri wa Loughborough nchini Uingereza, walichapisha pendekezo la kuugeuza mpangilio huo. Mtoto aanze na mchezo uliopunguzwa ukamwenea. Mchezo umzulie swali. Ufundi wa mkono uje pale anapouhitaji kulijibu. Wafuasi wao huipanga michezo kulingana na tatizo lake. Tenisi, vinyoya, mpira wa meza na wavu ni ukoo mmoja: uwanja umegawanywa, mpinzani hagusiki, na kazi ni kupeleka mpira asipokuwepo kisha kuwahi kuziba pengo lako. Netiboli, pamoja na nyavu zake kwenye pete, haimo. Hiyo ni jamaa ya soka.

Hivi ndivyo njia ya Bunker na Thorpe inavyofanyika. Funga kamba ya katani yenye mita 18, juu kidogo ya vichwa vya wanafunzi, na uweke nguzo ya kati ili kamba isilegee. Chini yake chora viwanja sita sambamba, kila kimoja mita 3 kwa upana na mita 6 kila upande wa kamba. Mmoja kwa mmoja, mpira wa matambara. Anayedaka anarusha kutoka pale pale alipodakia. Mpira ukianguka ndani, aliyeurusha kapata pointi. Wanaosubiri zamu wahesabu pointi na watazame miguu ya wachezaji.

Upana wa mita 3 umewekwa kwa makusudi. Pembeni hapana pengo la maana, kwa hiyo mtoto analazimika kugundua mbele na nyuma. Baada ya dakika chache simamisha mchezo, uulize:

“Pointi ya mwisho uliipataje?”

“Nilimrudisha nyuma, mwalimu, halafu nikadondosha karibu na kamba.”

“Na wewe uliyefungwa, ulikuwa umesimama wapi?”

Jibu la swali la pili ndilo somo lenyewe. Usilitoe wewe. Waache wacheze tena, utaona baadhi wanaanza kurudi katikati kila baada ya kurusha.

Kisha fupisha kiwanja na kukipanua, ili kulia na kushoto kuzae tatizo jipya. Weka wawili kwa wawili, na hapo hapo linazuka swali la nani achukue mpira wa katikati, wataanza kupiga kelele “wangu!” bila kufundishwa. Wakifika watatu kwa watatu, ruhusu pasi tatu kabla ya kuvusha. Watagundua kwamba mpira unaovushwa kutoka karibu na kamba humbana mpinzani kuliko unaotoka nyuma. Sasa kupandisha mpira kwa vidole kuna maana kwao, nawe ndipo uufundishe.

Mteremko nao una kanuni yake. Kamba ifuate mteremko, kutoka juu kwenda chini, ili pande zote mbili zilingane. Ukiikatisha, walio chini watateseka. Ila kwa dakika tano si vibaya, maana watajifunza kurusha juu. Matambara hayabingiriki hadi kwenye kahawa ya jirani, ingawa hayadundi pia, hivyo kwa mazoezi ya tenisi tafuta mpira halisi.

Nisitie chumvi. Tafiti zilizolinganisha njia hii na ile ya mazoezi ya ufundi hazikumtoa mshindi wa wazi, hasa kwenye ubora wa mapigo. Anayeandaa kikosi cha UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, bado atahitaji mazoezi ya kurudiarudia. Lakini kikosi ni watu wachache, na somo ni la darasa zima.

Mwalimu, siku ya kutoa alama usihesabu pasi nzuri peke yake. Mpe alama pia aliyerudi katikati, na aliyeona pengo akarusha humo hata kama mpira ulimponyoka.