Bastola Mbili Zinazofanana: Jeshi la Marekani Lilichaguaje?

Katika viwanda na mashamba yetu vifaa hununuliwa na watu wa ofisini, na sisi ndio tunaovishika. Pampu mbili za kupulizia dawa zimesimama ghalani, zinafanana kama mapacha. Moja inachaguliwa, na miezi sita baadaye ndipo tunapojua ilikuwa na kasoro gani. Safari hii tutazame ununuzi mmoja wa namna hiyo ambao hesabu zake zilitolewa hadharani na kugombaniwa mpaka mahakamani: ununuzi wa bastola za Jeshi la Marekani.

Tangu mwaka 1911 askari wa nchi hiyo walibeba bastola ya Colt yenye risasi nene. Washirika wao wa NATO walitumia risasi ya milimita 9, na katika miaka ya 1980 Marekani ikaamua kufuata. Mwaka 1984 bastola za aina nane zilishindanishwa. Zilitiwa matope na kupigwa risasi kwa maelfu. Smith & Wesson iliondolewa, ikashtaki, ikashindwa. Mwishoni zilibaki mbili: Beretta 92 ya Italia, na SIG Sauer P226 iliyobuniwa Uswisi na kutengenezwa katika iliyokuwa Ujerumani Magharibi.

Mtu asiye fundi angeziona ni kitu kimoja. Zote hupiga risasi ya milimita 9, na magazini ya kila moja huchukua risasi 15. Ukifyatua, nguvu ya mlipuko husukuma nyuma kile chuma cha juu ambacho mafundi hukiita slaidi. Ganda tupu hurushwa nje, springi hurudisha slaidi mbele, nayo hubeba risasi mpya kutoka magazini. Hata hivyo, kila risasi yataka uvute kidole upya, na ndiyo sababu huitwa nusu-otomatiki. Risasi ya kwanza huvutwa kwa nguvu, kwa kuwa kidole ndicho kinachoinua nyundo. Zinazofuata ni nyepesi, maana slaidi imekwisha kuiinua.

Tofauti zilikuwa pale mkono unapogusa. Beretta ina komeo la usalama kwenye slaidi: ukiliteremsha, nyundo hushuka bila kufyatua na bastola hujifunga. SIG haina komeo la namna hiyo. Ina kitufe cha kushusha nyundo tu ubavuni, na usalama wake umefichwa ndani. Hapa hakuna jibu moja. Mwenye komeo anaweza kusahau kulifungua siku ya hatari, na asiye nalo hutegemea zaidi nidhamu ya kidole chake. Mpini wa Beretta nao ni mnene, na askari wenye viganja vidogo waliulalamikia kwa miaka mingi. Tena slaidi ya Beretta ilichongwa katika chuma kizima, na ile ya SIG wakati huo ilikunjwa kwa bamba la chuma. Ukimwuliza fundi yeyote wa karakana ipi itavunjika kwanza, nadhani atajibu SIG. Tutaona.

Sasa bei. SIG ilikuwa dola 176.33 kwa bastola moja, Beretta dola 178.50. Karani mwenye haraka angeandika SIG na kwenda kunywa chai. Lakini jeshi lilikuwa limetaka bei ya mzigo mzima, pamoja na magazini za akiba na vipuri, na huko SIG ilikuwa ghali. Zilipojumlishwa zote, kwa oda ya bastola zaidi ya 300,000, Beretta ilikuwa chini kwa karibu dola milioni 3. Januari 1985 Beretta ikachaguliwa, kwa sharti kwamba hatimaye zitengenezwe Marekani, na kazi hiyo ikafanyika Accokeek, Maryland. Mimi naona hesabu hiyo ilikuwa ya haki. Mashine isiyo na vipuri ni chuma chakavu.

Lakini mwaka 1987 slaidi za Beretta zilianza kukatika. Askari wa kikosi maalumu cha Jeshi la Maji waliokuwa mazoezini walipigwa usoni na kipande kilichoruka nyuma. Bastola zao zilikuwa zimepigwa risasi nyingi mno. Jeshi la Nchi Kavu nalo lilipozijaribu maabara, slaidi zilivunjika. Kampuni ikasema risasi zilikuwa na nguvu kupita kiasi, wengine wakalaumu chuma chenyewe. Wakati wenye suti wakibishana, amri ilitoka slaidi zibadilishwe kila baada ya risasi 1,000. Kisha kichwa cha pini ya nyundo kikapanuliwa, ili slaidi ikikatika inaswe isimfikie mpigaji. Ni kipande kidogo cha chuma, lakini kilikuja baada ya watu kuumia. Mashindano yalirudiwa, na mwaka 1989 Beretta ikashinda tena.

Mwaka 2017 ilifika zamu ya kuibadilisha, na SIG ikashinda kwa bastola yake ya P320. Glock ilikata rufaa ikashindwa: zabuni ya SIG ilihesabiwa dola milioni 169.5, ya Glock milioni 272.2. Katika majaribio wapimaji wa jeshi waliiangusha P320 chini, wakaona inaweza kujifyatua. Wakaagiza vipande vya ndani vya ufyatuaji vifanywe vyepesi, na bastola za askari zikatengenezwa hivyo. Raia waliokwisha kununua P320 dukani hawakuwa na wapimaji. Walitangaziwa marekebisho Agosti 2017, baada ya watu wengine kuziangusha na kuonyesha hadharani kilichotokea.