Kabla Jua la Pemba Halijatiwa Saini

Tangu mwaka 2010, umeme wa kisiwa cha Pemba, Zanzibar, hupita chini ya bahari. Waya wa kilovolti 33, wenye uwezo wa megawati 20, hutoka Tanga, huvuka mkondo wa Pemba, ambao mahali pengine kina chake hupita mita 800, kisha hulisha kisiwa kupitia kituo cha Wesha karibu na Chake Chake. Kabla ya hapo Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli, ghali kuyaendesha na mazito kwa moshi. Fedha nyingi za waya huo zilitolewa na Norway.

Naanza na waya kwa sababu unafundisha jambo ambalo mijadala ya nishati safi huliruka. Tukisikia nishati safi, macho yetu huenda kwenye paneli na mapanga ya upepo. Lakini jua Pemba lipo, na teknolojia yake inauzwa kila soko duniani. Kinachoamua kama itamfaa mkaazi wa Micheweni au Kengeja ni maswali matatu ya kisiasa: nani anatia saini, nani analipa, na mali inabaki kwa nani. Pemba imeshajibiwa maswali hayo mara tatu, na kila mara jibu liliandikwa mbali na kisiwa.

Mara ya kwanza ni huo waya. Faida yake haina ubishi: hospitali, skuli, pampu za maji na majokofu ya wavuvi yanautegemea. Hata hivyo, Shirika la Umeme Zanzibar, ZECO, hununua umeme huo kwa jumla kutoka Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO, halafu humuuzia mwananchi anayenunua uniti zake kwa TUKUZA, mfumo wa kulipia kabla ya kutumia. Bei ya jumla inapita mikononi mwa EWURA, mdhibiti wa nishati upande wa Bara, na ya rejareja mikononi mwa ZURA, mdhibiti wa upande wa Zanzibar. Deni la ZECO lilipokuwa kubwa mwaka 2017, TANESCO ilitishia kukata umeme wa visiwa vyote, na suala la ankara likageuka suala la Muungano. Unguja nayo ilishaonja hatari ya kutegemea waya mmoja: kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 ilikaa gizani baada ya hitilafu kwenye njia yake ya umeme. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Waya wa Tanga tunauhitaji, lakini haufai kuwa tegemeo pekee.

Mara ya pili ni misitu. Kati ya 2010 na 2014 uliendeshwa Unguja na Pemba mradi wa HIMA, Hifadhi ya Misitu ya Asili, kwa fedha za Norway tena. Wazo lake lilikuwa hili: mti ukiachwa usimame, hewa ukaa inabaki ndani yake, na nchi zinazochafua anga zinaweza kulipia hifadhi hiyo. Shehia zilifunga mikataba na kukubali kuacha kukata kuni katika sehemu ambazo wakaazi wake walizizoea. Wananchi walitimiza upande wao kwa jasho. Mapato ya kudumu kutoka soko la hewa ukaa, ambayo ndiyo yaliyowavuta wengi, hayakuja kama yalivyotarajiwa. Bei na masharti ya soko lile hayakupangwa Konde wala Kojani.

Mara ya tatu ni mafuta. Yaliingizwa katika mambo ya Muungano mwaka 1968. Mwaka 2009 Baraza la Wawakilishi likaazimia yatolewe, sheria ya petroli ya 2015 ikafungua njia, na Zanzibar ikatunga sheria yake mwaka 2016. Oktoba 2018 ulitiwa saini mkataba wa mgawano wa uzalishaji na RAK Gas ya Ras Al Khaimah kwa kitalu cha Pemba–Zanzibar, na Machi 2024 ikazinduliwa duru ya kwanza ya zabuni ya vitalu vya baharini. Mvutano wa nusu karne ulikuwa juu ya mamlaka ipi ishike kalamu. Mvuvi ambaye maji yake yatapitiwa na meli za utafiti hakuwa sehemu ya hoja hiyo.

Hayo yakiendelea, bahari haisubiri. Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, maji ya chumvi yameingia kwenye ardhi ya kilimo, na mabonde ya mpunga sehemu mbalimbali za pwani yana hadithi hiyo hiyo. Kina mama wa mwani, zao lililoanza kulimwa kibiashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, wanaona maji ya kina kifupi yakipata joto, mwani ukiparara na kukatika kabla ya kuvunwa. Wapemba 543,441 waliohesabiwa katika sensa ya 2022 hawakuipasha bahari hii moto. Ndiyo maana fidia na fedha za kukabiliana na tabianchi ni haki yao.

Hapa ndipo muundo wa nchi unapokuwa na uzito. Mazingira si jambo la Muungano: Zanzibar inayasimamia kupitia Ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, na ina mkakati wake wa tabianchi wa mwaka 2014. Lakini mambo ya nje ni ya Muungano, kwa hiyo kwenye mikutano ya Umoja wa Mataifa kiti ni kimoja. Ahadi ya Tanzania ya mwaka 2021, ya kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030 ikilinganishwa na hali ya kutochukua hatua, inabeba pande zote mbili. Fedha za Mfuko wa Tabianchi wa Kijani, wenye makao yake Songdo, Korea Kusini, zikitoka huko zina vituo vingi vya kupita: Dodoma, kisha mjini Unguja, ndipo Chake Chake, na mwisho kabisa shehia. Kila kituo kina watia saini wake na gharama zake.

Sasa tulitazame jua lenyewe. Mitambo ya megawati moja huhitaji takriban hekta moja hadi mbili. Kuzalisha megawati 20, sawa na uwezo wa waya wa Tanga, kutataka kati ya eka 50 na 100. Katika kisiwa ambacho baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba yaligawiwa eka tatu tatu, hizo ni sehemu za familia takriban 17 hadi 33, pengine na mikarafuu yao. Ardhi ni mali ya serikali na mkulima ana haki ya kuitumia tu, kwa hiyo ni rahisi kumwondoa kwa barua.

Tena jua huzalisha zaidi adhuhuri, ilhali majumbani umeme hutakiwa zaidi baada ya magharibi. Ama tununue betri, ama jua lihudumu mchana na waya wa Tanga, unaobeba umeme wa maji ya Rufiji na wa gesi ya kusini mwa Bara, uhudumu usiku. Njia ya pili ni nafuu zaidi kwa kuanzia, na paneli zikienezwa juu ya mapaa ya skuli, hospitali, maghala na masoko, eka nyingi zitabaki kwa wakulima. Barafu ya wavuvi nayo inaweza kugandishwa mchana, jua likiwa kali, kisha ikahifadhiwa.

Nawaomba Wawakilishi wa majimbo ya Pemba wasimamie mambo matatu. Mkataba wowote wa jua au upepo usomwe hadharani kwa Kiswahili katika shehia husika kabla ya kutiwa saini. Mwenye eka tatu apewe kodi ya kila mwaka au hisa, asimalizwe kwa fidia ya mara moja. Na sehemu ya mapato ibaki kisiwani kwa mikoko, kuta za kuzuia bahari na majiko ya kuwapunguzia kina mama mzigo wa kuni.

Mikataba ya kuuziana umeme wa jua huwa ya miaka 20 hadi 25. Kosa litakalotiwa saini mwaka huu litalipwa na mtoto ambaye leo hajaanza skuli.